Nembo Imefika Arusha, Karatasi Zimebaki Njiani

Kwenye rafu za supamaketi za Njiro, na za katikati ya mji wa Arusha, mbegu za chia zenye jani la kijani kwenye pakiti, nembo ya kilimo hai (oganiki), huuzwa ghali kuliko zisizo nalo, na wanunuzi wapo. Wapo wazazi wanaowatafutia watoto chakula kisichopigwa dawa, wapo wagonjwa wa sukari walioshauriwa na jirani, wapo wageni walioizoea nembo hiyo kwao, na wapo wanunuzi wa kambi za utalii ambao wageni wao huuliza mezani kilichomo kwenye sahani. Wote wanalipia kitu kisichoonekana, kisichonusika na kisichoonjeka: namna shamba lilivyolimwa, katika nchi ambayo wengi wao hawataikanyaga. Chia iliyopigwa dawa na isiyopigwa zinafanana punje kwa punje. Kinachozitofautisha ni karatasi.

Karatasi hizo zipo, tena nyingi. Shida ni kwamba zimepangwa zimlinde mlaji wa Hamburg au Chicago, na bidhaa inapovuka Namanga, Holili au bandari ya Dar es Salaam kuja kwetu, nembo huingia peke yake. Nani basi aulizwe uthibitisho? Jibu langu ni mwagizaji na mwenye duka. Ushauri wa siku hizi kwamba mteja atoe simu akague mwenyewe ni njia ya kistaarabu ya kumbebesha mzigo asiyestahili kuubeba.

Tuanze na jani lenyewe. Lile lililochorwa kwa nyota nyeupe juu ya kijani ni nembo ya Umoja wa Ulaya, na tangu Julai 2010 ni lazima liwepo kwenye chakula cha kilimo hai kinachofungashwa ndani ya nchi za umoja huo. Bidhaa ya viungo mchanganyiko hulipata ikiwa angalau asilimia 95 ya viungo vyake vya shambani, kwa uzito, ni vya kilimo hai. Watu wengi huishia kwenye jani. Habari yenyewe imeandikwa karibu yake, kwa herufi ndogo za kumfanya mtu wa umri wangu aende nayo dirishani. Kuna msimbo, mathalani DE-ÖKO-001, kisha mstari unaosema kama mazao yamelimwa ndani ya Umoja wa Ulaya au nje yake. Herufi mbili za mwanzo ni za nchi, neno la katikati linaashiria kilimo hai, na tarakimu ni namba ya chombo cha uthibitishaji.

Hapo wengi hupotea, wauzaji wakiwemo. Anayeona DE hudhani chia imelimwa Ujerumani. Msimbo ule ni wa chombo kinachomkagua mtu wa mwisho kuishughulikia bidhaa, yaani aliyeifungasha au kuibandika lebo. Shamba laweza kuwa Bolivia au Paraguay, na huko lilikaguliwa na chombo kingine kabisa ambacho jina lake halimo kwenye pakiti. Kwa hiyo anayetaka kuhakiki kwa kutumia pakiti pekee anaweza kumfikia mfungashaji, na hapo njia inakatika. Si hila ya mtu, ndivyo kanuni ilivyo.

Nembo ya Marekani, ile duara ya USDA, idara yao ya kilimo, ina utaratibu wake. Chini ya jina la mtengenezaji au msambazaji lazima paandikwe chombo kilichoithibitisha bidhaa. Pakiti yenye duara lakini isiyo na maandishi hayo inavunja kanuni za Wamarekani wenyewe, na kwa hilo peke yake muuzaji anatakiwa kuishuku. Kwenye maduka ya viungo ya mjini, Arusha hata Moshi, utakutana pia na India Organic, nembo ya mpango wa taifa wa India, na Jaivik Bharat iliyoanza 2017. Na ukibahatika utaiona Kilimohai, ya kwetu Afrika Mashariki, ambayo nitaigusa baadaye.

Nyuma ya nembo hizi kuna karatasi za aina mbili, na udanganyifu mwingi huzaliwa pale zinapochanganywa. Ya kwanza ni cheti cha mzalishaji au mfanyabiashara. Kinasema kampuni fulani, ya mahali fulani, imekaguliwa kwa kiwango fulani, kwa bidhaa zilizoorodheshwa, na ni halali hadi tarehe fulani. Ya pili ni hati ya shehena. Hiyo inasema kilo hizi, za namba hii ya toleo, zilizotoka kwa huyu kwenda kwa yule, ni sehemu ya kile kilichokaguliwa. Ya kwanza inamhusu mtu, ya pili inahusu mzigo. Mwenye cheti halali kabisa anaweza kununua mahindi ya kawaida kwa jirani, akayachanganya na yake na kuyauza yote kwa bei ya juu. Cheti chake hakitabadilika hata herufi moja.

Ulaya walilielewa hilo kitambo. Shehena ya kilimo hai inayoingia huko kutoka nje sharti iwe na hati ya ukaguzi, na tangu 2017 hati hiyo hutolewa kwenye mfumo wa kielektroniki uitwao TRACES. Chombo cha uthibitishaji kinatakiwa kuitoa kabla mzigo haujaondoka nchi ulikotoka. Marekani walichelewa. Kanuni zao mpya za kubana udanganyifu zilianza kutumika 19 Machi 2024, na tangu hapo mzigo wa kilimo hai unaoingia Marekani lazima uwe na cheti cha uagizaji kilichotolewa kwenye mfumo wao.

Kilichowaamsha Wamarekani kinafaa kusimuliwa, maana kinaonyesha uwongo unavyosafiri. Mwishoni mwa 2016 meli yenye soya pauni milioni 36, kama tani 16,000 hivi, ilitoka Ukraine, ikapitia Uturuki, ikaishia California. Ilipoanza safari soya ile ilikuwa ya kawaida, na bei yake ya kawaida. Ilipofika ilikuwa imeshakuwa ya kilimo hai, kwa makaratasi tu, na thamani yake imepanda kwa hadi dola milioni 4. Gazeti la Washington Post lilipoianika habari hiyo Mei 2017, sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa imeshagawiwa kwa wateja kuwa chakula cha mifugo. Hakuna aliyeibadilisha soya. Ilibadilika mikononi mwa madalali, katikati ya bandari mbili.

Kisa cha pili kilitokea ndani ya Marekani. Randy Constant, mkulima na mfanyabiashara wa nafaka wa Missouri, alihukumiwa Agosti 2019 kifungo cha zaidi ya miaka 10 kwa kuuza nafaka ya kawaida kwa jina la kilimo hai, mauzo ya zaidi ya dola milioni 142 kati ya 2010 na 2017. Huyu alikuwa na cheti cha kweli. Kilichokuwa cha uongo ni wingi wa mavuno. Mkaguzi anayejua kazi yake hupiga hesabu: ekari hizi hutoa gunia ngapi, na huyu ameuza gunia ngapi? Hesabu ile ya shule ya msingi haikupigwa kwa miaka.

Nakuja karibu zaidi na rafu zetu. Septemba 2020 Ulaya iligundua kemikali ya ethylene oxide, inayotumika kuua vijidudu na iliyopigwa marufuku huko kwenye chakula, ndani ya ufuta kutoka India. Baadhi ya ufuta huo ulikuwa na vyeti vya kilimo hai. Mwishoni mwa 2021 Umoja wa Ulaya ukaviondoa kwenye orodha yake ya India vyombo 5 vya uthibitishaji. Marekani nayo, Januari 2021, ilitangaza kuacha kuutegemea mfumo wa India, na ikawataka wazalishaji wa huko waombe upya uthibitisho wa moja kwa moja chini ya kanuni zake. Sisemi kila manjano ya India inayouzwa Arusha ina kasoro. Nasema nchi zenye maabara na wakaguzi wengi zilifikia hatua ya kusema karatasi hizi hazitutoshi, nasi tuliokuwa tunanunua kutoka nchi hiyohiyo hatukubadilisha hata swali moja tunalomuuliza mwagizaji.

Maana maswali yenyewe ni machache. Hivi karibuni nilikaa na mnunuzi wa kambi moja ya watalii, dada anayezijua bei kuanzia Soko la Kilombero hadi mpakani. Alikuwa ameagiza mchele wa basmati wa oganiki kwa muuzaji wa jumla, na safari hii aliomba cheti. Kilikuja kwa WhatsApp, PDF iliyopigwa picha ikiwa mezani, kona moja imefunikwa na kidole cha mpigaji. Tukakisoma pole pole. Juu palikuwa na jina la kampuni ya India, tofauti na jina lililo kwenye gunia la mchele. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita tangu mwaka uliotangulia. Na kwenye orodha ya bidhaa palikuwa na manjano, tangawizi na pilipili manga. Mchele haukuwepo. Akampigia muuzaji, akaweka sauti ya nje.

"Kaka, hiki cheti ni cha viungo, mimi nimenunua mchele."

"Dada, si wanatoka sehemu moja hao? Wote wale wale tu."

Alisema bila haya na, naamini, bila nia mbaya. Kwake cheti kilikuwa kama picha ya ukutani, kuwepo kwake kunatosha. Dada yule alibaki na mchele, kwa sababu ulikuwa mzuri na wageni walikuwa njiani, ila neno la oganiki likafutwa kwenye menyu ya kambi jioni ileile. Uamuzi wa kibiashara ulio safi kabisa, na haukumgharimu kitu.

Alichofanya mezani pale ndicho uhakiki. Jina kwenye cheti lilingane na jina kwenye pakiti au kwenye ankara. Bidhaa unayonunua iwe imetajwa kwenye orodha. Tarehe iwe hai. Kiwango kiwe kinalingana na nembo, maana cheti cha kanuni za Marekani hakimpi kila mtu ruhusa ya kubandika jani la Ulaya. Kisha, na hili ndilo linalorukwa, usikiamini cheti ulichotumiwa na anayekuuzia. Kitafute mwenyewe kule kilikotoka. Marekani wana kanzidata ya wazi, Organic Integrity Database, ambako ukiandika jina la kampuni unaona kama cheti chake ni hai, kimesimamishwa, kimefutwa au amekirudisha mwenyewe, pamoja na bidhaa alizothibitishiwa. Idara yao ya kilimo huchapisha pia vyeti bandia vilivyokwisha kunaswa, na kuvipitia ni elimu tosha: vingine vimetengenezwa vizuri kuliko vya kweli. Kwa Ulaya, vyeti hutafutwa kwenye TRACES bila kujisajili. Intaneti ya Arusha inatosha, na kila kampuni moja haichukui muda wa kunywa chai.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji hata intaneti. Mfuko wa khaki wenye zipu, dirisha la plastiki mbele, na stika iliyochapishwa hapahapa mjini yenye neno organic na jina la duka. Ndani mna chia, kwinoa, unga wa nazi, lozi. Mwenye duka amenunua gunia la kilo 25, labda lenye cheti kizuri tu, akaligawa mifuko ya gramu 250. Tangu gunia lile lilipofunguliwa, cheti kilikoma. Kwenye kanuni za Ulaya anayefungasha upya ni kiungo cha mnyororo kama mkulima, na naye hukaguliwa: anatenganishaje gunia hili na lile la kawaida, anaua fukusi kwa dawa gani, anaandika wapi kilichoingia na kilichotoka. Chumba cha nyuma cha duka letu hakijaingiwa na mkaguzi wa namna hiyo. Ghala lenye panya na fukusi hupuliziwa, kila mtu anajua, na chia ya Bolivia iliyolimwa bila tone la sumu inaweza kuipata sumu yake ya kwanza mita chache kutoka kwenye mashine ya risiti. Bidhaa ya aina hii, kwangu mimi, haina hadhi ya kilimo hai hata kama gunia lilikuwa nayo, na hapa ningekuwa mkali kuliko kwenye pakiti zilizofungwa huko nje.

Wengine hujibu kwamba kuna TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Ipo, na tangu 2019 ndiyo yenye jukumu la usalama wa chakula lililokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Lakini alama ya TBS na nembo ya kilimo hai hujibu maswali mawili tofauti. TBS inatazama kama chakula ni salama na kinakidhi kiwango cha ubora wake. Mafuta ya zeituni yaliyolimwa kwa mbolea za viwandani na viuatilifu vilivyoruhusiwa yanaweza kupita kwa TBS bila doa, na ni haki yapite. Kusajiliwa kwa chakula hakusemi lolote juu ya namna mti wake ulivyotunzwa.

Na maabara? Arusha tuna bahati. Makao makuu ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020, yako Ngaramtoni, palepale ilipokuwa TPRI, taasisi ya utafiti wa viuatilifu, na kazi ya kupima viuatilifu imefanyika pale miaka mingi. Ni rahisi mtu kusema tupeleke sampuli tumalize ubishi. Ubishi hautaisha. Kipimo cha masalia kinaweza kukamata uongo, hakiwezi kuthibitisha ukweli. Kikikuta kiuatilifu kingi kwenye pakiti yenye jani, una kesi. Kisipokuta kitu, hujajua bado, kwa kuwa mazao mengi ya kawaida nayo hufika sokoni bila masalia yanayopimika, hasa dawa ikipigwa mapema na mvua ikanyesha. Urea nayo haiachi alama ambayo kipimo cha viuatilifu kitaiona, ilhali kwenye kilimo hai ni mwiko. Hata wenye nembo hawadai usafi wa asilimia mia. Kanuni za Marekani huruhusu masalia hadi asilimia 5 ya kiwango cha kawaida kinachokubalika nchini humo, kwa sababu upepo wa jirani haujui mpaka wa shamba. Kilimo hai ni ahadi kuhusu utaratibu wa kulima, na utaratibu hukaguliwa shambani, kwenye daftari na stoo. Kwa hiyo hatuna njia ya mkato ya kuikwepa karatasi.

Ukitaka kuona karatasi hiyo ikifanya kazi, panda mlima. Vipo vyama vya msingi vya kahawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro vilivyoingia kwenye kilimo hai kilichothibitishwa, na anayemkagua mwanachama kwanza ni mkaguzi wa ndani, kijana wa kijiji hichohicho aliyefundishwa kazi. Huingia kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Mchaga, na fomu. Huhesabu miche, huuliza mavuno ya msimu uliopita, hutazama mpaka na jirani anayepiga dawa nyanya zake, huomba kuona stoo. Bomba la kupulizia likiwa la kuazima, huuliza limeazimwa kwa nani na lilibeba nini mara ya mwisho. Mrututu, dawa ya shaba inayopigwa dhidi ya ugonjwa wa kahawa wa chulebuni, hauruhusiwi kupita kipimo, kwa hiyo nao huandikwa. Mzee anaweza kuwa na ekari moja na nusu yenye migomba, mibuni, magimbi na ng'ombe wawili wa zizini, na bado ramani ya shamba lake lazima iwepo kwenye faili. Kila mwanachama, kila mwaka.

Juu ya hapo yuko mkaguzi wa nje. Sheria mpya ya Ulaya, namba 2018/848, iliyoanza kutumika Januari 2022, imekaza zaidi. Kikundi kisizidi wanachama 2,000, kiwe na hadhi yake ya kisheria, na mkaguzi wa nje arudie kukagua angalau asilimia 5 ya wanachama na kuchukua sampuli kwa asilimia 2 kila mwaka. Zamani vyombo vya uthibitishaji viliruhusiwa kutumia viwango vilivyohesabiwa kuwa sawa na vya Ulaya. Sasa wanataka kanuni zao zenyewe, nukta kwa nukta, isipokuwa kwa nchi chache ambazo mfumo wao wa kitaifa umekubaliwa. Afrika nzima, iliyomo kwenye orodha ya nchi hizo ni Tunisia peke yake. Kikundi kikubwa kimelazimika kugawanywa, kusajiliwa upya, kulipa upya. Na kahawa ikishatoka Moshi, gunia kwa gunia, haishuki Hamburg kama kahawa ya kilimo hai pasipo ile hati ya TRACES.

Basi linganisha. Mzee wa Kibosho anaulizwa bomba aliliazima kwa nani. Katoni ya chia inayoshushwa Arusha haiulizwi hata jina la shamba. Simlaumu Mzungu kwa kutuuliza, amefanya la busara kwa watu wake. Ninachoshangaa ni sisi tunaoujua mfumo huu kwa ndani, wenye vijana wanaokagua vihamba kwa fomu, wenye wanaushirika wanaoweza kukueleza hati ya shehena ni nini wakiwa wamekaa barazani, kisha tukifika dukani tunaliamini jani kwa sababu limechapishwa vizuri.

Msingi wa kisheria wa kuuliza tunao zaidi ya tunavyodhani. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai, EAS 456, kilichopitishwa 2007 na kuzinduliwa Dar es Salaam mwaka huohuo na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, na hapo ndipo ilipotoka alama ya Kilimohai. Jumuiya iliyokipitisha ina makao yake hapa Arusha. Kiwango hicho kinagusa mazao, mifugo, nyuki, mavuno ya porini, usindikaji na uwekaji lebo, na kinatambua uthibitishaji shirikishi, ambapo wakulima na wanunuzi wao hukaguana kwa kanuni moja. Nchini, TOAM, jumuiya ya kilimo hai iliyoanzishwa 2005, ndiyo ya kuulizwa kuhusu matumizi ya Kilimohai. Na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Haikutaja kilimo hai, wala haihitaji kukitaja. Anayebandika neno organic kwenye mfuko wa khaki akashindwa kuonyesha limetoka wapi, amesema jambo kuhusu bidhaa yake ambalo hawezi kulitetea. Tume ya Ushindani haihitaji sheria mpya ili imwandikie barua.

Najua pingamizi la waagizaji, na lina uzito. Soko la Arusha ni dogo. Mtu analeta katoni kumi kutoka kwa muuzaji wa jumla wa Nairobi, aliyezitoa Dubai, aliyezitoa Uholanzi, na ukimwambia alete hati ya kila shehena utamfungia biashara. Sawa. Ila kati ya kuleta kila hati na kutoleta chochote kuna nafasi pana. Pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye msimbo na jina la mfungashaji anayeonekana kwenye kanzidata, namba ya toleo ikiwa haijakwaruzwa, na ankara ya Nairobi inayotaja bidhaa hiyo hiyo: kwa rafu ya Arusha naikubali. Bidhaa iliyofungashwa upya bila ufungashaji huo kukaguliwa, siikubali, hata kama mwenye duka ni rafiki yangu, na wawili watatu ni rafiki zangu. Iuzwe kama chia, kwa bei ya chia. Hakuna aliyekataza.

Tena nadhani shinikizo la haraka halitatoka serikalini wala kwa mama mwenye kikapu. Litatoka kwa kambi na hoteli za utalii, kwa kuwa zinanunua kwa wingi, zinaandika neno hilo kwenye menyu kwa Kiingereza, na mgeni wao anatoka nchi ambako neno hilo lina sheria. Mgeni akiuliza "imethibitishwa na nani?" mhudumu hana pa kujificha. Mkataba wa mnunuzi na muuzaji wa jumla unahitaji kifungu kimoja tu: bidhaa yoyote inayoletwa kwa jina la kilimo hai iambatane na jina la mfungashaji, msimbo wa chombo cha uthibitishaji, namba ya toleo na nakala ya cheti kilicho hai chenye bidhaa hiyo kwenye orodha, la sivyo italipwa kwa bei ya bidhaa ya kawaida. Kifungu cha bei ndicho chenye meno. Muuzaji aliyeona tofauti ya bei ikikatwa kwenye malipo atampigia mtu wake wa Nairobi mwenyewe, na mtu wa Nairobi atampigia wa Dubai.

Na kwa mwenye duka la kawaida, lenye bidhaa thelathini au arobaini za aina hii, kazi ni kufungua faili moja na kukaa na kompyuta siku mbili tatu. Kila bidhaa ukurasa wake: picha ya nyuma ya pakiti, kilichoonekana kwenye kanzidata, tarehe ya kwisha kwa cheti. Zitakazokosa ukurasa zishushwe kwenye rafu ya oganiki zipelekwe rafu ya kawaida. Faili likae kaunta, si ofisini, na anayetaka kulisoma alisome akiwa amesimama hapohapo anapolipa.